Sungura, simbilisi, kware na kuku banda moja: yaliyonikuta Butimba, Mwanza (uzi mrefu kidogo)

#1 MamaWawili_Butimba

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Swali la kuchanganya wanyama wadogo linarudi humu kila mara, na jibu linalotolewa ni lile lile: "changanya tu mkuu, hawana shida, hawapigani." Mimi nilichanganya. Ni kweli hawakupigana. Na simbilisi wangu amekufa. Ndiyo maana naomba mnivumilie leo niandike kwa kirefu, kwa sababu najua yupo mzazi Igoma au Buswelu ambaye wiki hii atawanunulia watoto wake sungura mmoja na simbilisi mmoja, awaweke pamoja ili wasikae wapweke, kama nilivyofanya mimi.

Kwanza tuelewane majina. Simbilisi ninayemsema ni yule mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye masikio mafupi, ambaye wenzetu wa Njombe na Iringa wanamfuga kwa kitoweo. Hapa Mwanza watu wengi wanamwita pimbi. Siye. Pimbi ni huyu wetu wa kwenye miamba, ukienda kisiwa cha Saanane unamkuta anaota jua juu ya mawe, mnyama wa porini kabisa, na kwa ukoo yuko karibu na tembo kuliko panya. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Nasisitiza kwa sababu mimi nilipokwenda duka la dawa za mifugo mara ya kwanza nikasema "pimbi wangu anakohoa", yule kijana alinishangaa, tukapotezeana muda.

Sasa kisa chenyewe.

Mwaka jana mwanangu wa darasa la nne aliomba mnyama wa kufuga. Nikapata sungura jike mweupe, tukamwita Pamba. Muuzaji akaniambia, "Mama, chukua na huyu simbilisi, sungura akikaa peke yake anakonda. Wanaishi vizuri sana." Nikamchukua, dume la rangi ya kahawia, mtoto akampa jina la Karanga. Fundi akanitengenezea kizimba kimoja, urefu mita moja na upana kama sentimita sitini, sakafu ya mbao, nikamwaga maranda. Nikawa nawapa chakula cha punje cha sungura, kile cha dukani (pellets), majani ya ukoka na matembele.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa napiga picha kila siku. Wanalala ubavu kwa ubavu. Pamba anamlamba Karanga kichwani. Nilidhani ni upendo.

Leo nikizitazama picha zile zile naona mengine. Kwenye karibu kila picha Karanga yuko pembeni kabisa, chini ya kale kadaraja ka mbao, mgongo umegusa ukuta. Mimi nilisema anapenda kivuli. Nyuma ya sikio lake kuna sehemu haina manyoya, nami nilisema ni joto. Bakuli la chakula, Pamba amekaa mbele yake na Karanga yuko nyuma. Na kulala ubavu kwa ubavu, wakuu, kizimba cha mita moja walale wapi pengine?

Usiku mmoja umeme umekatika, niko kibarazani, nikasikia sauti kama mtu anasugua karatasi taratibu. Nikawasha tochi ya simu. Alikuwa Karanga anapumua. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, puani kuna ute umeganda, macho yamefumba nusu. Wanaofuga simbilisi wanajua kwamba ukichakarisha mfuko wa mboga tu, hata ukiwa jikoni, anapiga mbinja mpaka jirani anasikia. Nikaleta mfuko wa mboga, nikauchakarisha karibu na sikio lake. Hakutoa sauti. Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kama soksi.

Asubuhi nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Yule daktari, Mungu ambariki, hakuniharakisha. Alimsikiliza kifua, akampapasa magoti, akanionyesha kwamba magoti yamevimba na Karanga anatetemeka yakiguswa. Kwenye paja la kulia akakuta alama ya kuumia ya siku nyingi. Akaniuliza maswali matatu: anaishi na nani, anakula nini, sungura ana mafua? Nikajibu sungura mzima kabisa, hana hata kamasi. Akasema, "Ndivyo wanavyokuwa."

Karanga alikufa siku ya tatu. Hatukupima maabara, daktari alifuata dalili, kwa hiyo siwezi kuapa kuhusu ugonjwa. Lakini aliyonieleza nimeyafuatilia tangu siku ile, kwa kuuliza na kusoma, na ndiyo ninayotaka myajue.

La kwanza, ugonjwa usioonekana. Kuna bakteria anaitwa bordetela. Sungura wengi wanaye puani na kooni na hawaumwi. Sungura wako anakula, anaruka, anang'aa manyoya. Bakteria huyo huyo akiingia kwa simbilisi anaweza kushuka mapafuni, ikawa nimonia, na simbilisi mara nyingi anashindwa kupambana nayo. Hata mbwa na paka wanaweza kumbeba. Kwa hiyo kumtazama sungura ukasema "mzima huyu" hakumsaidii simbilisi chochote.

La pili, chakula. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa mikononi mwangu. Mwili wa sungura unajitengenezea vitamini C. Mwili wa simbilisi hauwezi, kama wetu sisi binadamu. Anahitaji takribani miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na mwenye mimba zaidi. Chakula cha punje cha sungura hakiongezwi vitamini hiyo, kwa kuwa sungura hana haja nayo. Ukimnyima simbilisi kwa wiki mbili tatu tu, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, manyoya yanachakaa, anaacha kutembea, na mwili unashindwa kupambana na maradhi. Yale magoti. Mimi nilikuwa namwona hatembei, nasema ni mpole.

Na dawa yake iko sokoni hapa hapa. Pilipili hoho kipande, na pera. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mapera kwetu yanaoza chini ya mti. Kipande kidogo tu, maana lina sukari. Msiweke vitamini kwenye maji mkategemea hiyo, inaharibika upesi, hasa kwenye mwanga na joto. Ukiwa na banda la mchanganyiko hoho yako haifiki: sungura ana mwendo, ana kifua, anafika kwanza.

La tatu, nguvu. Sungura wa kawaida ana kilo mbili, tatu, hata nne. Simbilisi mkubwa ni kama kilo moja. Miguu ya nyuma ya sungura imeumbwa kuruka na kupiga teke. Hahitaji kukasirika. Akishtuka tu, paka kapita juu ya bati au mwewe kapiga kelele, anaruka, na chini yake yupo mwenzake. Mifupa ya simbilisi ni midogo mno kwa teke lile. Jike akiwa kwenye joto anaweza pia kumpanda, na dume ndiyo usiseme.

La nne, lugha. Sungura ni mnyama wa kimya. Anazungumza kwa masikio, kwa kupiga mguu chini, kwa kuinamisha kichwa ili alambwe. Simbilisi anazungumza kwa sauti kuanzia asubuhi mpaka usiku. Sungura akiinamisha kichwa kuomba alambwe, simbilisi haelewi anaombwa nini. Simbilisi akinguruma kwa raha, sungura hajui ni raha. Wanaweza kukaa miaka wakiwa wawili na kila mmoja akawa mpweke. Hapo ndipo ushauri wa "wasikae wapweke" ulipoteleza: ni kweli wote wawili wanahitaji mwenzao, lakini mwenzao wa sungura ni sungura, na wa simbilisi ni simbilisi.

Naomba wenye uzoefu waongeze. Na wenye mtazamo tofauti pia, nipo nawasoma.

#2 Ngosha_Igoma

Pole sana dada kwa msiba wa Karanga. Lakini nikwambie ukweli, mimi nina sungura wanne na simbilisi sita banda moja chini ya mwembe, mwaka wa pili huu, hakuna aliyekufa. Banda langu ni kubwa, kama chumba. Huoni tatizo lilikuwa kizimba kidogo?

#3 MamaWawili_Butimba

Asante kaka, nimepokea. Kizimba kidogo kilichangia, sikatai. Nafasi inapunguza mateke, na kama ulivyosema simbilisi wako ni sita, kwa hiyo wanao wenzao wa kuzungumza nao. Hapo umewatendea haki kuliko nilivyofanya.

Lakini nafasi haibadilishi bakteria wala vitamini. Nakuuliza kwa nia njema: unawapa nini cha vitamini C? Na umewahi kuwapima uzito? Simbilisi ni mnyama anayewindwa na wengine, huko porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza, kwa hiyo anaficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho. Kupungua uzito mara nyingi kunaanza kabla ya dalili nyingine. Mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga, unatosha. Kila Jumamosi, uandike.

Na kama hutaki kuwatenganisha leo, angalau watengenezee vibanda vya mbao vyenye tundu dogo ambalo simbilisi anapita na sungura hapiti. Humo ndani weka maji yao, hoho na majani yao. Viwe na matundu mawili, asije akazibiwa njia akiwa ndani.

#4 Ngosha_Igoma

Kumbe. Mimi nawapa mabingobingo na maganda ya viazi vitamu tu. Mmoja ana tabia ya kukaa sana siku hizi, nilidhani mimba.

#5 MamaWawili_Butimba

Kaka, mwangalie magoti leo leo. Hata kama ni mimba, mwenye mimba ndiye anayehitaji vitamini hiyo zaidi. Mpe hoho jioni hii, na kesho aonwe na daktari wa mifugo.

#6 KwareWaBuzuruga

Dada umegusa mahali penyewe. Naomba niongeze upande wa ndege, maana Mwanza wengi wetu ndiko tuliko.

Mimi nafuga kware na kuku wa kienyeji. Nilijaribu kuwaweka pamoja kware ishirini na tetea wanne, nikitaka kuokoa nafasi. Siku mbili. Siku ya pili nikakuta kware mmoja ngozi ya kichwa imetoka yote, mfupa unaonekana, bado yuko hai. Tetea alimdonoa kwa sababu alisogea kwenye chakula. Kuku wana ngazi yao ya ukubwa, nani anaanza kula na nani anafuata, na wanaisimamia kwa mdomo. Kware ana gramu mia moja na kitu, mia mbili. Hana ngazi ya kusimama pale.

Halafu kware akishtuka haruki pembeni, anapaa wima kama jiwe lililorushwa, akigonga paa anavunja shingo. Ndiyo maana banda lake linajengwa fupi sana, asipate kasi, au refu kabisa lenye dari laini. Banda la kuku liko katikati, kimo kibaya kabisa kwake. Chakula nacho hakilingani, kware anahitaji protini nyingi kuliko tetea anayetaga.

Na magonjwa: mafua ya kuku yanaingia kwa kware bila kubisha hodi. Kuku aliyepona mafua anaweza kubaki ameyabeba.

#7 MzeeWaMagu

Wanangu hamjambo. Nasoma kwa utulivu.

Nataka niwaonye juu ya bata mzinga, kwa sababu nilipoteza wote. Niliwafuga na kuku uwanja mmoja. Kuku hawakuwa na neno lolote. Bata mzinga wakaanza kujikunja, mbawa zimeshuka, kinyesi cha njano iliyokolea kama unga wa salfa. Ndani ya wiki mbili wamekwisha. Bwana mifugo alipopasua mmoja, ini lilikuwa na madoa ya mviringo kama yamepigwa muhuri.

Alinieleza kwamba kuna kidudu kinaishi ndani ya mayai ya minyoo ya kuku. Kuku anakibeba na kwa kawaida hakimdhuru sana, lakini bata mzinga kinamuua. Mayai yale ya minyoo yanakaa ardhini muda mrefu sana, na hata nyungunyungu anayameza, bata mzinga akimla nyungunyungu anakipata. Kwa hiyo si suala la banda tu. Hata uwanja waliokuwa wakitembea kuku mwaka uliopita, usiwapeleke bata mzinga.

Bata wa kawaida nao wana lao. Kideri, ule ugonjwa wa mdondo, kinaweza kuwa ndani ya bata naye anatembea vizuri, kuku wako wakaanguka wote. Chanjeni kuku. Chanjo ya matone ya jicho, ile ya I-2 inayotengenezwa hapa hapa nchini, tone moja, mnarudia kila miezi mitatu. Haina gharama kubwa. Na bata atakulowanishia maranda, na maranda yakilowa kuku wanapata kuhara damu.

#8 MamaWawili_Butimba

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hili la bata mzinga sikulijua kabisa. Pole kwa hasara.

Kwa kuwa kuhara damu kumetajwa, nirekebishe jambo moja ninaloliona likirudiwa sana. Watu wanasema "usiweke sungura juu na kuku chini, sungura watawaambukiza kuku kuhara damu." Vidudu vya kuhara damu vya sungura ni vyao, vya kuku ni vyao, havihamii. Lakini msifurahi mkajenga ghorofa. Kuku wanaparua, vumbi la kinyesi linapanda, na harufu kali ya mkojo uliokaa inachoma pua na macho ya sungura, ambaye pua yake ndiyo sehemu yake dhaifu. Kinyesi cha kuku kinaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha. Na mtoto wa sungura anazaliwa uchi, haoni, mwekundu kama kidole. Kuku akimwona anaona chakula. Nasema hivyo kwa sababu jambo hilo nimeliona mwenyewe kwenye uwanja wa jirani yangu, na sitaki kulieleza zaidi.

Lingine ni chakula. Sungura akifikia chakula cha kuku atakila, kitamu kwake, na tumbo lake halikuumbwa kwa nafaka nyingi. Linataka majani makavu na mabichi, siku nzima. Wanga ukizidi utumbo unavurugika, tumbo linajaa hewa, anaacha kula, na sungura aliyeacha kula ndani ya nusu siku tayari ni mgonjwa wa haraka.

#9 Dada_Kirumba

Mimi nina swali la kijana wangu. Wamekamata ule mjusi wa kwenye mawe, dume lenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, wanataka kumweka boksi moja na vifaranga. Na kaka yake ameleta kobe kutoka kijijini, anataka akae na sungura. Niwaruhusu?

#10 MamaWawili_Butimba

Dada hapana, yote mawili.

Mjusi yule ni wetu wa miamba hii, hata jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba jina la Mwanza. Anahitaji jiwe la moto na wadudu hai. Ndani ya boksi atakufa polepole. Wacha arudi kwenye jiwe alikotoka, lile lile, maana dume ana eneo lake.

Mjusi na kobe mara nyingi wana salmonela ndani yao wala hawaumwi. Kinyesi chao kikigusa maji ya vifaranga au vidole vya mtoto mdogo, hapo ndipo kuna hatari. Watoto wanawe mikono kwa sabuni, leo.

Kobe ni mnyama wa porini na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali. Zungumza na maofisa wanyamapori wakueleze namna ya kumkabidhi, usimtupe tu kando ya ziwa. Najua aliletwa kwa upendo, lakini mwambie kijana kwa upole.

#11 Furu_na_Maji

Dada, samaki nao si wanyama wadogo wa kufuga? Niko Nyegezi, nina tanki la lita mia. Nimevua furu wanne wa rangi, wale samaki wadogo wa ziwani, nataka kuwaongezea gapi, samaki wadogo wa mapambo wa dukani.

#12 MamaWawili_Butimba

Mdogo wangu, samaki siwajui kwa kuwafuga, ila nimezaliwa kando ya ziwa na marehemu baba alikuwa mvuvi, nitasema ninachokijua.

Furu dume anashika eneo. Ndani ya tanki la lita mia wakiwepo madume wawili, mmoja atafukuzwa mpaka achoke, na gapi kwake ni chakula. Furu ana midomo na meno ya aina nyingi, wengine wanakwangua mawe, wengine wanavunja konokono, wengine wanakula vifaranga vya samaki. Kama humjui ni furu wa aina gani, hujui umemweka nani ndani. Na ukimwona jike hali, shavu limejaa, usimsumbue, ana mayai mdomoni. Anayatunza humo pamoja na watoto kwa wiki mbili tatu bila kula vizuri. Ukimkimbiza na wavu atayatema.

Na samaki wa dukani usimmwage ziwani siku ukimchoka. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na watu walioona ni jambo jema. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali, na wanasayansi wanakadiria aina zaidi ya mia mbili za furu zilipotea au zikabaki chache mno. Baba alikuwa akitaja majina ya furu ambao mimi sijawahi kuwaona.

#13 KwareWaBuzuruga

Kwenye ndege niliwasahau wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Hao asili yao ni huku huku kusini mwa Ziwa Victoria. Porini ni mali ya nchi, msiwatege. Na kwa wenye vibali, msiwachanganye na ndege wadogo wengine kwenye tundu moja. Wanauma vidole vya mguu, nimemwona ndege aliyebaki na kidole kimoja.

#14 Mgeni_Ilemela

Nimesoma yote. Swali: simbilisi wangu ameanza kupiga chafya. Nyumbani kuna dawa ya maji ya amoksilini ya mtoto. Nimpe kidogo?

#15 MamaWawili_Butimba

USIMPE. Naomba sana. Nilipewa ushauri huo huo na mtu dukani, nami nashukuru sikuufuata. Amoksilini na dawa za ukoo wa penisilini zikipita mdomoni zinaua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi na la sungura, wabaya wanachukua nafasi, anaharisha na kufa. Zipo dawa nyingine salama kwao na daktari wa mifugo anazijua. Mpeleke kesho asubuhi. Usiku huu mtenge, mweke mahali pakavu pasipo upepo, ufunike upande mmoja wa kizimba chake, umpe majani mabichi na hoho, na uhakikishe anakula. Akikataa kula kabisa usisubiri asubuhi.

Na kwa kuwa tuko kwenye sumu: parachichi. Tunda, ganda, majani. Ni sumu kwa sungura, simbilisi na ndege. Nyumba nyingi Mwanza zina mparachichi na mabanda yamejengwa chini ya kivuli chake. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo nayo msiwape.

#16 Mgeni_Ilemela

Asante dada, nimemtenga. Bado anakula. Ni mmoja tu, nilikuwa nampangia sungura wa kumliwaza.

#17 MamaWawili_Butimba

Akipona mtafutie simbilisi mwenzake. Majike wawili wanakaa vizuri. Jike na dume watazaana bila kikomo, mimba ni kama siku 59 hadi 72, wanazaliwa na manyoya na macho wazi wakikimbia, na mtoto wa kiume wa wiki tatu tayari unapaswa kumtoa kwa mama yake. Madume wawili inawezekana kama wamekua pamoja na hakuna jike karibu. Mgeni akifika mtenge wiki mbili hadi tatu kwanza, chumba kingine, mhudumie wa mwisho, nawa mikono.

#18 Ngosha_Igoma

Mrejesho dada. Daktari amemwona. Ni mimba kweli, na magoti pia. Amempa vitamini. Nimeanza kugawa banda kwa waya.

#19 MamaWawili_Butimba

Nimefurahi kaka, kuliko unavyodhani. Waya tumia wenye matundu madogo, na chini weka ubao wa kama sentimita thelathini ili wasipulizane pua kwa pua wala maranda yasivuke. Ukiweza weka kuta mbili za waya, uache nafasi kati yake.

Wengi wameniuliza Pamba yuko wapi. Yupo. Nilimtafutia dume aliyehasiwa, na haikuwa rahisi kumpata daktari anayehasi sungura hapa jijini, nilizunguka mwezi mzima. Niliwakutanisha polepole, kwanza vizimba jirani, halafu dakika kumi kumi kwenye sakafu ambayo hakuna aliyeimiliki. Wiki ya tatu Pamba aliinamisha kichwa na yule dume akamlamba. Ndipo nilipoona tofauti na zile picha za mwanzo: aliinamisha mwenyewe.

Mwanangu ana simbilisi wawili wapya, majike, ndugu wa tumbo moja. Wako upande wa pili wa nyumba, jikoni. Jana jioni nimeingia na mfuko wa mboga kutoka sokoni, kabla sijavua viatu wote wawili wakaanza.

Picha za mgawanyo wa banda nitaziweka kesho kukiwa na mwanga. Fundi ameniandikia vipimo, nitavipiga picha pia.